Koti la Mtu Aliye Hai

Siku Mzee Enoka Silwimba alipotoweka, uji wake ulipoa kizingitini. Mkwewe Marita aliuweka pale alfajiri kama alivyouweka kila siku tangu alipoolewa: akatua bakuli chini, akakohoa kidogo ili mzee ajue, akarudi kinyumenyume mpaka jikoni, macho ardhini. Kwa Wanamwanga, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hapiti mbele yake, wala jina lake halimtoki kinywani. Jua lilipopanda juu ya paa Marita akaona kuku wanadonoa uji. Ndipo alipopiga ukelele kumwita mumewe, maana yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuuvuka mlango ule.

Danford aliingia. Kitanda cha kamba kilikuwa kitupu.

Ulikuwa mwezi wa Julai, upepo wa Tunduma ukikata kama msumeno. Mzee miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vilimkataa, na moyo wake ulikuwa mbovu. Kwenda chooni tu ilimlazimu kupumzika njiani. Mtu wa namna hiyo hapotei kama mbuzi. Danford alimtafuta kimya kimya, mabondeni na kwenye migomba, bila kumwambia jirani yeyote. Alipokwenda polisi ilikuwa siku ya tatu, na kimya chake kile ndicho kilichomponza.

Sajini Osea Mwashiuya wa kituo cha Tunduma alikuwa mtu wa Ihanda, Mnyiha, lakini alikuwa amefanya kazi miongoni mwa Wanamwanga tangu akiwa konstebo. Alifika kwa Danford kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akasimama mlangoni mwa chumba cha mzee kwa muda mrefu kabla ya kuingia.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumapili jioni, Sajini. Ameketi kwenye kigoda chake, hapo uliposimama."

Osea akasogea. "Mlizungumza nini?"

"Nilimsalimu. Hakuitikia."

"Kwa nini?"

"Wazee, Sajini."

"Wazee wa kwetu huitikia. Alikuwa amevaa nini?"

"Koti lake jeusi la sufu. Na fimbo yake mkononi."

"Ameondoka navyo?"

Danford aliutazama msumari mtupu uliokuwa ukutani juu ya kitanda. "Ameondoka navyo."

Osea naye akautazama msumari. Buibui alikuwa amejenga kutoka pale mpaka kwenye kona ya dirisha, na nyumba ile ya buibui ilikuwa na vumbi, na mizoga ya mbu. Haikujengwa jana wala juzi. Osea alimwuliza Marita, aliyesimama nje nyuma ya ukuta, kama Mzee Enoka alikuwa na ugomvi na mtu.

"Mwenye nyumba hii hakuwa na ugomvi," Marita alijibu kwa sauti ya chini. "Alikuwa na kifua tu."

Jirani wa karibu alikuwa Ferista, mama muuza pombe, ambaye alikuwa amekwisha kutoka na kujipanga njiani kabla hajaitwa.

"Mwanangu, umechelewa kuja kwangu. Ungeanza na mimi ungekuwa umekwisha kula chakula cha mchana."

"Sema, mama."

"Jumapili usiku nimesikia kilio. Si cha mtoto, si cha mlevi, hao nawajua mmoja mmoja. Kilio cha matanga. Nikamwambia mume wangu, huko kwa Silwimba nani kafa? Akaniambia, wewe na masikio yako, lala."

"Aliyelia ni nani?"

"Mzee mwenyewe. Na ukitaka zaidi, nenda nyuma ya migomba, walikozikwa wazee wao. Udongo umeguswa. Mimi sijasema kitu."

Udongo ulikuwa umeguswa kweli. Pembeni mwa makaburi ya zamani ya ukoo palikuwa na tuta jipya, fupi, lililosawazishwa kwa mkono. Osea alimwamuru Konstebo Timotheo achimbe taratibu, kwa jembe kwanza, kisha kwa viganja. Watu walianza kukusanyika. Kina kilipofika magotini, Timotheo akasimama.

"Mkeka, Sajini."

Ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Mwisho mmoja ulipofunguka kidogo, zilionekana mvi. Ferista akaangua kilio, wanawake wakampokea. Danford alipiga magoti pale pale kwenye udongo akaita, "Baba! Baba yangu!" mpaka sauti ikamkauka.

Osea aliukata ule ukamba kwa kisu, akaukunjua mkeka wote.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nywele tu, mvi za kichwa kizima, zimeshikana kwa sabuni iliyokauka. Osea alizichukua kidogo, akazisogeza karibu na jicho. Zilikuwa zimenyolewa kwa wembe, vizuri, bila haraka. Mkekani hamkuwa na tone la damu.

"Mwuaji hampaki mtu sabuni," alimwambia Timotheo.

"Basi amezikwa nani, Sajini?"

Alichokuwa nacho Osea ni uongo wa Danford kuhusu koti, na uongo huo ulimtosha kumweka ndani.

Asubuhi iliyofuata, akiwa bado anakunywa chai kituoni, akaingia Bwana Jivraj, Mhindi wa Mbeya, wakala wa kampuni moja ya bima, aliyekuwa akipanga chumba nyuma ya duka kila alipopita Tunduma. Alikuwa anahema, kofia mkononi.

"Sajini, nimesikia habari mbaya sokoni. Enoka Silwimba ni mteja wangu. Nimemkatia bima ya maisha juzi juzi tu."

Osea akatua kikombe. "Mzee yule? Na ugonjwa wake?"

"Ugonjwa gani?"

"Moyo. Miguu."

Jivraj alicheka, kisha akaona ya kuwa Osea hacheki. "Sajini, mimi nakataa wagonjwa kila siku, ndiyo kazi yangu. Huyu Danford alinizungukia mwaka mzima: bima ya baba, bima ya baba. Wenzangu walikwisha kumkataa, mmoja kwa sababu ya umri, mwingine kwa sababu ya moyo. Nikamwambia waziwazi, nani atanunua ng'ombe anayekoroma? Mlete kwa daktari wetu akija Vwawa, akipita, nitamwandika. Akamleta. Mzee alipanda ngazi za baraza kama kijana. Daktari akasikiliza kifua, akaniambia, Jivraj, huyu atakuzika wewe."

"Ni akina nani walikuwa naye?"

"Danford na mkewe. Watu wema sana, Sajini, wanamtunza. Mzee alipomaliza kupimwa, yule mama mwenyewe alimvika koti, akamfunga vifungo kimoja kimoja, akampangusa vumbi mabegani. Mzee akasema neno la kilugha, wakacheka wote wawili."

"Rudia hapo."

"Pa kucheka?"

"Pa vifungo."

Jivraj akarudia. Osea alisimama, akachukua funguo za rumande ukutani.

Danford alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Osea alichuchumaa mbele yake.

"Bwana Danford, jana nilimwuliza mkeo habari za mkwewe. Unajua alimwitaje? Mwenye nyumba hii. Jina hawezi kulitamka. Uji anauacha kizingitini. Sasa niambie, mwanamke huyo ndiye aliyemfunga baba yako vifungo vya koti kule Vwawa, mchana kweupe, wakicheka?"

Danford alifumba macho.

"Aliyepimwa ni nani?"

"Jonasi," Danford alisema. "Mpasua mbao. Ni rika moja na baba."

"Kisha baba yako akatoweka, na jina lake lina bima. Inspekta wa Mbeya akiyasikia hayo mawili, hatauliza la tatu. Atakupeleka kwa jaji, na jaji ana kamba. Kwa nini ulifanya hivyo?"

Maneno yakamtoka Danford yote kwa pamoja, kama mtu anayetapika.

"Mama alifia hospitali ya Mbeya. Mimi nilikuwa kazini ng'ambo, Rhodesia, kwenye shaba. Salamu zilinifikia nimechelewa. Nilipofika, wafungwa walikuwa wamekwisha kumzika, maana maiti isiyo na mwenyewe haingoji. Wakanipeleka makaburini. Kila kaburi lina kijiti chenye namba. Mvua zilikuwa zimepita, vijiti vingi vimeanguka. Nikauliza, mama yangu yupi? Mlinzi akasema, mmojawapo wa hawa. Sajini, nililia mbele ya safu nzima kwa sababu sikujua nilie wapi. Baba naye akaanza kuvimba miguu. Nikaapa yeye hatazikwa hivyo. Atakuwa na jeneza la mbao, na lori la kumrudisha nyumbani hata akifia wapi. Ndiyo maana nilitafuta bima. Kila mlango niliobisha wanasema, tuletee mzima. Mzima wa nini? Mzima nimtafutie jeneza?"

"Na koti?"

"Nilimwazima Jonasi koti la baba, na fimbo, afanane na mtu mwenye familia. Njia nzima tukawa tunamwita Enoka, Enoka, asije akasahau kuitika mbele ya daktari."

"Baba yako alijua?"

"Alituona tukirudi. Tangu siku ile hakunena na mimi tena. Nilikuambia koti amekwenda nalo kwa kuwa nilijua mkiliona kwa Jonasi mtaniuliza Vwawa." Akainua uso. "Lakini sikumgusa baba, Sajini. Sikumgusa."

Jonasi alikuwa mjane asiye na mtoto, mtu wa Iyula aliyehamia Tunduma kwa kazi ya msumeno. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja. Osea alipoingia, kitu cha kwanza alichokiona ni koti jeusi la sufu, limetundikwa peke yake ukutani, na fimbo imeegemezwa chini yake. Hapakuwa na kingine kilichotundikwa ukuta ule.

"Nilijua utakuja," Jonasi alisema. "Lichukue, Sajini. Tangu liingie humu silali vizuri."

"Kwa nini hukulirudisha, baba?"

"Nililirudisha! Siku ile ile tuliyotoka Vwawa. Tumefika kwa Danford, mzee ameketi nje kwenye kigoda chake, anatutazama tunakuja. Nimevaa koti, nimeshika fimbo. Danford alikuwa na furaha, ndiyo mara yake ya kwanza kupata neema namna hiyo, akaita kwa mzaha, haya, Enoka amerudi salama! Mimi nikaitika, naam. Mazoea ya njiani."

"Kisha?"

"Yule mzee akainuka. Unajua alivyokuwa anainuka, shida tupu. Akasogea kando, akanionyesha kigoda chake, akaniambia, keti, Enoka." Jonasi alipangusa midomo. "Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikavua koti, nikampa. Akaweka mikono nyuma. Akasema, hilo lako. Cha marehemu hakimrudii marehemu."

"Ukaketi?"

"Miguu ilikuwa imechoka, Sajini. Niliketi."

Osea alilitazama koti. Aliwahi kuhudhuria matanga mengi katika nchi ile. Mtu akifa, siku ya kumaliza kilio watu wa ukoo humchagua mmoja, humvika koti la marehemu, humpa fimbo yake, humwita kwa jina lake naye huitika, kisha humketisha kwenye kigoda. Kuanzia hapo ndiye. Watoto wa marehemu humwita baba. Danford alikuwa ameyafanya yote hayo kwa utaratibu wake, koti, fimbo, jina na kigoda, na hakukosea pengine popote isipokuwa kwamba mwenye jina alikuwa hai, ameketi nje anaota jua.

Basi kilio alichosikia Ferista kilikuwa cha mfiwa, na nywele zilizonyolewa zilikuwa za mfiwa. Mzee Enoka alikuwa amejililia mwenyewe, kwa kuwa hakuona mwingine anayemlilia. Kisha alizika mkeka wake mahali alipostahili kulala.

"Mzee Jonasi," Osea aliuliza, "mtu akishazikwa, huenda wapi?"

"Mbinguni, wanasema wachungaji."

"Na kama bado ana miguu?"

Jonasi alifikiri. "Kwa mkewe," alisema.

Osea alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la kahawa, malori ya Mbeya yanakopakia. Alimkuta dereva mmoja, Raphaeli, amelala chini ya lori lake anakaza nati.

"Juma hili umebeba mzee mgonjwa? Amenyoa kichwa."

Raphaeli akajivuta nje, mafuta mpaka kwenye nyusi. "Mwenye shuka? Baridi yote ile amejifunga shuka tu! Nilimbeba Jumatatu alfajiri. Nikamwuliza jina, maana nauli za abiria nazijibia mimi. Akasema hana. Nikamtania, mzee, asiye na jina ni mzigo. Akaniambia, basi nipakie na magunia."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Kwa mke wake. Nikamwambia, mzee, na upara huo atakufungulia mlango?" Dereva alitabasamu, kisha akaiona sura ya Osea. "Kwani kuna nini, afande?"

Jumamosi Osea alimtoa Danford rumande, wakapanda lori la Raphaeli, wamekaa juu ya magunia ya kahawa, wala Osea hakumfunga pingu. Njia nzima Danford aliuliza neno moja tu: kama hospitali huwa wanatoa blanketi. Osea alisema wanatoa.

Mbeya waliambiwa habari zake na mlinzi wa makaburi ya mji. Jumatatu jioni alimkuta mzee ameketi katikati ya vijiti, anahamia huku na huku, akifika kila kijiti anakaa kidogo, kisha anainuka kwa taabu na kwenda kingine. Alipomwuliza anatafuta nini, mzee alisema anapumzika. Alikuwa na homa. Mlinzi akamchukua kwa mkokoteni mpaka hospitali.

Hospitali walimkumbuka kwa sababu alikataa kutaja jina. Mwuguzi, dada mmoja aliyeitwa Enesi, alisema walimbembeleza kila siku.

"Nilimwambia, babu, hata la kwanza tu, tuwaite watu wako. Akasema, mwanangu, watu wangu hawajapungukiwa. Mwenye jina langu yupo, mzima, anakula."

"Amefariki lini?" Osea aliuliza.

"Alhamisi alasiri. Mapafu. Ijumaa asubuhi wafungwa wakamchukua. Maiti isiyo na mwenyewe haingoji, Sajini."

Danford alikuwa ameingia rumande Jumatano. Osea alijua hesabu hiyo bila kuambiwa, na Danford pia. Siku nzima na usiku wake, Osea akiulizia koti na mvi na vifungo, mzee alikuwa bado anavuta pumzi katika wodi ile, na mwanawe alikuwa nyuma ya mlango ambao funguo zake zilikuwa ukutani mwa Osea.

Mlinzi aliwaonyesha kijiti kipya. Namba yake ilikuwa bado nyeusi. Danford aliuliza kama ni karibu na mama yake.

"Huenda," mlinzi alisema. "Sitaki kukudanganya."

Danford alipiga magoti, akakisukuma kijiti ndani ya udongo kwa viganja viwili, mpaka kikabaki kifupi sana, upepo usiweze kukipata. Osea alisimama nyuma yake, kofia mkononi, mpaka alipomaliza.

Kesi ya mauaji haikuandikwa. Kampuni ilifuta bima, kwa kuwa ilikuwa imekatiwa moyo wa mtu mwingine, na Danford na Jonasi wakaitwa kortini kwa udanganyifu, hukumu inangojwa. Kabla ya hapo ukoo ulikutana nyumbani kwa Danford kumaliza kilio. Yunisi, dada wa marehemu, alivuka mpaka kutoka Nakonde na jamaa zake, bibi mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa. Osea aliitwa awepo, aketi pembeni, ashuhudie.

Jonasi alileta koti na fimbo, akaviweka chini mbele ya wazee.

"Mimi ni Mnyiha wa Iyula," alisema. "Si damu yenu. Mpeni mwingine."

Yunisi alimtazama. "Walikuvika?"

"Walinivika, mama."

"Kaka yangu alikupa kigoda kwa mkono wake?"

"Alinipa."

"Walikuita Enoka. Uliitika?"

Jonasi aliinamisha kichwa. "Niliitika."

"Basi unamsumbua nani?" alisema Yunisi. "Vaa, kuna baridi."

Hakuna aliyemsaidia. Jonasi aliliokota koti, akalivaa mwenyewe, akafunga vifungo kimoja kimoja. Marita alikuwa amesimama jikoni, akaugeuzia uso ukuta.

Sasa Jonasi anaishi katika chumba kile. Kila alfajiri Marita anauweka uji kizingitini, anakohoa kidogo, anarudi kinyumenyume mpaka jikoni, macho ardhini.